Futi za Bibi

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Kabla ya yote naomba mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa herufi zitakazokuwa zimepotea njia. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua tangu ninapoanika nguo mpaka zinapokauka. Nyumbani wanasema naandika kama mtu anayechagua mchele. Lakini kosa nitakalolisimulia lilitokana na kuandika, kwa hiyo naona ni haki nilisimulie kwa kuandika.

Kwetu ni juu ya Bigwa. Ukiiacha barabara unapanda kwa miguu, unavuka kijito mara tatu, ndipo unafika mahali ambapo bibi yangu, mama mzaa mama, anapaita mji. Watu wa Morogoro wakisikia neno hilo wanafikiria taa na maduka. Mji wa bibi ulikuwa nyumba saba, migomba, makaburi ya akina mama wa ukoo, na njia ya mtoni iliyochimbika kwa nyayo mpaka ikawa kama mfereji. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Mji ule ulitoka kwa bibi yake bibi ukaja kwa mama yake, ukaja kwake, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya zamani kuliko zote. Alizaliwa ndani yake. Kila baada ya masika ilikandikwa udongo mpya juu ya ule wa zamani, hata kuta zikawa nene, na mchana wa jua kali ukiingia ndani unasikia baridi kama umeingia kisimani.

Bibi haoni. Macho yalimfunga taratibu kabla mimi sijaanza shule. Lakini mgeni aliweza kushinda naye kutwa asijue. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba ile kwa kuhesabu nyayo, kisigino kikigusa vidole, kisigino kikigusa vidole. Kutoka kizingitini hadi nguzo ya kati, kumi na moja. Hapo alinyoosha mkono wa kulia, na nguzo ilikuwa pale. Pale kiganja chake kilipozoea kuishika, nguzo ilikuwa imelainika na kung'aa kama mpini wa jembe. Kushoto, nyayo tisa, kitanda. Kulia, saba, mtungi wa maji. Alijipikia, alijichotea maji ya kunywa, alifagia. Mimi niliishi naye kwa sababu mama yangu ameolewa Kilosa, lakini kusema kweli kazi yangu kubwa ilikuwa kutosogeza vitu.

"Mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, maana bibi na mjukuu wa kike ndivyo wanavyotaniana, "ukihamisha kinu hicho umeniua."

Tetemeko lilikuja mchana. Bibi alikuwa barazani anachambua maharage kwa vidole, mimi naanika mihogo. Ikasikika ngurumo kutoka chini.

"Gari gani hilo linapanda huku?" bibi akauliza.

Hakuna gari lililowahi kufika kwetu. Nilitazama ungo nikaona maharage yanacheza yenyewe. Kisha ardhi ilisukumwa kama mtu anavyosukuma kitanda chenye mgonjwa, mara mbili, na vumbi likafunika kila kitu. Nilipoweza kuona, bibi alikuwa amekaa palepale, ungo umefunikwa kwa kanga yake ili maharage yasiingie mchanga. Nyuma yake ukuta mmoja haukuwepo, na paa lilikuwa limepiga magoti.

Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini kati ya nyumba saba ilibaki wima moja tu, ya mzee ambaye tulikuwa tukimcheka kwa kujenga nyumba fupi kama banda la kuku.

Mjomba wangu alipanda siku ya tatu. Yeye ni mtoto wa kiume wa bibi, na alikuwa amepanga chumba Mwembesongo, Morogoro mjini. Miaka hiyo ndiyo kila kitu kilikuwa ruksa, madukani bati zimepangwa hadi nje, na viwanda vinatafutiwa wenyewe wapya. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu, yeye akiwemo. Alikuwa amenunua bati kwa ajili ya kujenga nyumba yake mjini. Alisimama mbele ya nyumba iliyomlea, akaizunguka mara moja, akaja kuchutama mbele ya bibi.

"Mama, nitakujengea. Ya bati. Wakati inajengwa utakaa kwangu."

"Jenga ileile," bibi akasema.

"Nitajenga nzuri zaidi."

"Sijasema nzuri. Nimesema ileile. Mwanangu, mimi nyumba siioni. Nyumba yangu iko miguuni. Ukinipa nyingine nitakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka nife."

Mjomba akanigeukia mimi. "Wewe umesoma. Pimeni, uandike. Fundi atafuata utakachoandika."

Basi kesho yake asubuhi bibi aliingia kwenye magofu ya nyumba yake, nami nikamfuata na daftari. Sakafu ilikuwa ingali pale, nilikuwa nimeifagia. Alitembea tangu kizingitini, kisigino na vidole, akihesabu kwa sauti, na kila akifika mwisho alisimama kunisubiri.

"Umeandika?"

"Bado, bibi."

"Andika polepole. Sina ninakokwenda."

Sasa hapa ndipo palipo na kosa. Nilipofika kwenye mstari wa kwanza, niliandika kumi na moja, halafu nikaona haya kuandika neno nyayo. Niliona ni neno la watoto na la kuku. Nilikumbuka mwalimu wetu alisema darasani kwamba futi maana yake ni urefu wa wayo wa mtu. Futi! Neno la mafundi, neno lenye heshima. Nikaandika: kizingiti hadi nguzo, futi 11. Nguzo hadi kitanda, futi 9. Nguzo hadi mtungi, futi 7. Niliandika mistari kumi na minne namna hiyo, kwa herufi nilizozivuta vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na nilijisikia fahari.

Daftari nikampa fundi. Alikuwa seremala aliyefanya kazi na mjomba kiwandani, naye amepunguzwa, sasa anaishi Bigwa na kuchukua kazi za watu. Ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani, kwa hiyo hata salamu hawakuzimaliza vizuri yeye na bibi.

"Shikamoo bibi. Nimesikia mlima umewachoka umeamua kuwatikisa mshuke."

"Marahaba. Wewe si wale waliokuja kwetu na mizigo ya watu kichwani mpaka shingo zikazama?"

"Shingo ndiyo. Lakini miguu yetu ni sawa. Nyie kwa kuishi kwenye mteremko, mguu wa juu mfupi, wa chini mrefu. Mkifika tambarare mnazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa!"

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu tetemeko nilikuwa sijamsikia akicheka. Fundi akafungua daftari, akasoma mistari yangu mmoja mmoja, akanisifu. "Binti ana hati kama karani." Nilitazama chini. Kama angeniuliza neno moja tu, futi hizi umepimaje, mambo yangekuwa mengine. Lakini nani angeuliza? Futi ni futi.

Tukashuka Mwembesongo, bibi na mimi.

Sipendi sana kuandika juu ya wiki zile. Chumba cha mjomba hakikuwa na kosa lolote, na mke wake alitupokea vizuri. Lakini ua ulikuwa wa wapangaji sita, ndoo zinahama, viti vinahama, watoto wanaacha sandali popote. Siku ya pili bibi alijigonga kwenye jiko la mtu. Siku ya nne alianguka njiani kwenda chooni. Baada ya hapo alikaa kitandani na kuniita kila alipotaka kuinuka. Alinishika mkono kwa vidole viwili tu, kwa unyenyekevu, kama anayeomba. Yeye aliyekuwa akinifukuza jikoni! Mchana nilimkuta akisogeza miguu yake pale chini ya kitanda, kisigino na vidole, mahali pamoja, bila kwenda popote.

"Unafanya nini, bibi?"

"Naenda kunywa maji kwangu," akasema.

Kuna jambo moja la furaha la wiki zile, nalo lingetosha kuniamsha kama ningekuwa na akili. Mjomba alitaka bibi apande na viatu siku ya kurudi. Tulimpeleka sokoni kwenye mitumba, kwenye rundo la viatu lililomwagwa juu ya turubai. Muuzaji alijaribu jozi moja, ikavuka. Ya pili, ikavuka. Mwishowe akachimba chini kabisa, akatoa raba nyeupe zenye ua la waridi ubavuni, zikamkaa bibi kama zilizokatwa kwa ajili yake.

"Mama yangu, hizi za mtoto wa darasa la tatu!" muuzaji akasema. Watu wakacheka.

"Nipe basi na begi la shule," bibi akajibu.

Nami nilicheka. Nilipiga magoti nikamfunga kamba za raba zile ndogo, nikaona jinsi wayo wake ulivyo mfupi, unaingia wote kwenye kiganja changu na vidole vinabaki. Sikufikiri kitu. Nilifikiri tu kwamba ni mzuri.

Siku ya kukandika tulipanda tangu alfajiri. Nyumba ilikuwa imesimamishwa miti, fito zimefungwa, bati zimepigwa. Kilichobaki kilikuwa udongo. Watu wa mji walikuwa wamekusanyika, wanawake wanashuka na kupanda na ndoo, vijana wanakanyaga udongo shimoni huku wakiimba. Mlima wote ulikuwa na harufu ya udongo mbichi. Tulipotokeza, watu wakapiga vigelegele. Mimi niliona bati linawaka jua, nikaona nyumba ni pana kuliko ile ya zamani.

"Karibu mtani!" fundi akasema. "Nimefuata daftari kama Msahafu. Hata nguzo ya kati nimeweka, ingawa bati halina haja nayo."

"Hapana," bibi akamwambia mjomba aliyetaka kumwongoza. "Niache."

Akavua raba zake mlangoni. Akakanyaga kizingiti, akaanza. Watu walisimama na ndoo zao, hata shimoni waliacha kuimba. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu naye moyoni. Alipofika kumi na moja alisimama na kunyoosha mkono wa kulia.

Mkono ulishika hewa.

Nguzo ilikuwa mbele yake, mbali, hatua nzima ya mtu mzima na zaidi. Alipapasa kidogo, kulia, kushoto, kama mtu anayetafuta uso wa mwenzake. Kisha akashusha mkono polepole, akajipangusa kwenye kanga kana kwamba alikuwa amekusudia hivyo tangu mwanzo.

"Nyumba nzuri," akasema. "Kubwa. Mungu awabariki. Mke mwenzangu, njoo unishike mkono, nikakae."

Watu wakashangilia. Mjomba alikuwa anafuta macho kwa furaha, maana alizitoa bati zake zote. Fundi anapeana mikono. Nami nikamshika bibi, vidole viwili, vilevile kama Mwembesongo, nikamkalisha barazani. Wanawake wakaanza kubeba udongo kuuleta ukutani.

Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nikijua jibu nilikuwa nasubiri mwingine alitoe. Pale palikuwa na watu zaidi ya thelathini, na mjomba mwenye furaha, na fundi aliyenisifu hati. Nilijiambia atazoea. Nikajiambia nitakuwa namshika mkono mimi mwenyewe, miaka yote, sitaolewa. Ndipo nilipoona miguu yake pale barazani. Ilikuwa imetulia kabisa. Hata kusogeza mahali pamoja ilikuwa imeacha.

Nikaenda kwa fundi. Alikuwa amebeba daftari langu mfuko wa nyuma. Nikalichukua bila kuomba, nikaonyesha kwa kidole neno futi, nikasema kwa kunong'ona.

"Sema binti, sikusikii."

"Si futi," nikasema. "Ni nyayo. Nyayo zake. Mimi niliandika futi."

Alinitazama. Akalitazama daftari. Kisha akatoa kamba yake ya kupimia, akaenda barazani, akapiga goti moja mbele ya bibi. "Mtani, nipe mguu." Akaupima. Akarudia kupima.

"Inchi nane," akasema taratibu. "Inchi nane! Mimi nimejenga kwa kumi na mbili." Halafu akatupa kichwa nyuma. "Nilisema lakini! Nilisema mguu wa Mluguru mfupi, mkadhani natania!"

Kicheko kilianzia barazani kikashuka mpaka shimoni. Nilitamani udongo ule unifunike. Mjomba hakucheka. Aliita, "Simamisheni udongo!" akaja, akauliza nini. Fundi akamweleza. Mjomba akanigeukia, na nilijua nitakemewa mbele ya watu.

"Kwa nini hukuandika nyayo?"

"Niliona haya, mjomba."

"Haya ya nini?"

"Ya neno."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaniacha, akamwuliza fundi kwa sauti ya chini kama nyumba inaweza kubomolewa. Fundi akasema bati zimeshatobolewa misumari, zikitolewa zitavuja. Wanawake wenye ndoo walikuwa wanangoja. Udongo ukikaa juani unakauka.

Bibi ndiye aliyesema. "Ng'oeni nguzo tu. Bati halina haja nayo, si ndivyo ulivyosema, Mnyamwezi?"

"Ndivyo."

"Basi ileteni kwangu."

Fundi alielewa kabla ya sisi wengine. Akaokota kipande cha fito, akakilaza kando ya wayo wa bibi, akakikata kwa panga: kisigino hadi kidole gumba, basi. Kwa kijiti kile alipima upya nyumba yote kwa ndani, tangu kizingitini, huku mimi nikimsomea daftari kwa sauti, mstari mmoja mmoja, mbele ya watu. Kumi na moja, nguzo. Tisa, kitanda. Saba, mtungi. Mahali ulipokuwa ukuta wa zamani wa nyuma wakachimbia miti mipya, na ubavuni vilevile. Nyumba ndogo ikasimama ndani ya nyumba kubwa. Sehemu iliyobaki, iliyozunguka nyuma na upande mmoja, ikawa ghala ya mahindi na chumba changu.

Udongo ulianza kupigwa adhuhuri, kuta zikiwa nyingi kuliko zilizotarajiwa, na watu walilalamika na kutania mpaka jioni. Kabla kuta hazijafika juu, bibi aliomba kuingia. Akaanza kizingitini. Alipofika kumi na moja akanyoosha mkono, na nguzo ilikuwa pale. Ilikuwa nguzo mpya, bado ina magamba, haijalainika. Aliiwekea kiganja akakaa hivyo.

Kisha akageuka kulia, saba, akainama, hakukuwa na mtungi bado. "Maji yangu yako wapi?" akauliza kwa ukali. "Mke mwenzangu! Nani amehamisha vitu vyangu?"

Sijawahi kukemewa nikafurahi namna ile.

Miaka minne imepita. Nyumba nyingine za mji zimejengwa zote, na kila mwenye kujenga alikuja kuazima kile kijiti kiwe mfano wa kukatia cha mzee wake, kwa utani kwanza, baadaye kwa kweli, kwa sababu wazee wote wa kwetu walikuwa wanatembea gizani kwa nyayo na hakuna aliyewahi kuwauliza. Fundi akija humuuliza mwenye nyumba, "Futi za dukani au futi za bibi?" Kijiti hukaa kimechomekwa juu ya mlango wetu. Nguzo imeanza kung'aa pale pa kiganja.

Juzi redio ilitangaza kwamba nchi ya mbali kuna mji wa kale ulioangushwa na tetemeko, misikiti, masoko na nyumba za mamia ya miaka, na sasa wanaujenga upya kama ulivyokuwa. Mtangazaji alisema wana picha na michoro. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kikombe mkononi.

"Wanapima kwa mguu wa nani?" akaniuliza.

Swali hilo halijamtoka mpaka leo. Ndiyo maana nimeandika. Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee, mwombe atembee kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, kisigino na vidole, umhesabie. Halafu uniandikie ni nyayo ngapi, na mkono wake unapofika pale unagusa nini. Usiogope mwandiko mbaya, na usibadilishe neno ili lipendeze. Nasoma polepole, lakini nitamsomea bibi zote, moja baada ya nyingine. Hana anakokwenda.